Masale ya Ndege

Ndege walianza kuja uani kwangu kwa sababu ya wali wa msiba. Mume wangu alipofariki, watu walifunga turubai nyuma ya nyumba yetu hapa Olasiti, pembezoni mwa mji, wakachimba meko katikati ya matuta yangu ya mchicha, wakapika kwa yale masufuria makubwa ya kuazima. Walipomaliza kula tulipanda magari, tukaenda kumzika mlimani kwao Meru, juu ya Makumira. Niliporudi nilikuta majivu, mawe meusi ya meko, na wali umemwagika kila mahali. Sikufagia. Mimi niliyekuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nikastaafu, niliyekuwa nikipitisha kidole juu ya dirisha kutafuta vumbi, nilivuta kiti cha plastiki nikakaa mlango wa jikoni, nikautazama uchafu ule na nisione sababu ya kuinuka.

Walitangulia shomoro, kisha kunguru, ambao hawasubiri kualikwa na mtu. Baadaye wakaja kwezi, wale wa mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya chungwa, wanaotembea kama wamevaa viatu vipya. Wakala wali wa msiba wakaumaliza. Siku wali ulipokwisha walizunguka zunguka majivuni wakitafuta, wakanitazama. Nikaingia ndani, nikachukua kiporo changu ambacho nisingekila hata hivyo, nikawamwagia. Ndivyo tulivyoanza, wala sitaki mtu aniambie kwamba niliwapenda. Kumwaga kiporo si mapenzi.

Naomba nieleweke hapa. Watu walikuwa wakija kunipa pole na kuniuliza ninaendeleaje, na mimi nilikuwa nikijibu kwamba namshukuru Mungu, kama tulivyofundishwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekufa ganzi. Umewahi kulalia mkono wako, ukaamka ukaushika kwa ule mwingine, ukaona kama umeshika mkono wa mtu baki? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Chai ilikuwa moto, najua, kwa sababu iliniunguza ulimi. Kanisani waliimba nyimbo zilizokuwa zikinitoa machozi tangu kipaimara, nami nikawa naangalia jinsi mapazia ya madhabahuni yalivyofuliwa vibaya. Sikulia kwenye jeneza. Sikulia kaburini. Nadhani wapo walioliona hilo na kulisema, na sikuwajali pia.

Bustani niliirudia kwa sababu ya mikono. Mikono iliyozoea kazi haijui kwamba mwenyewe hana hamu. Nilifukia mashimo ya meko, nikachanganya majivu na udongo, nikapanda figiri, mnavu na chainizi. Udongo wa Olasiti ni vumbi jepesi, upepo ukipiga unahamia kwa jirani, kwa hiyo bila samadi hupati kitu. Samadi nililetewa na dereva mmoja wa pikapu, mtu wa mlimani kwetu, ambaye hushuka kila wiki na ndizi za sokoni na kupanda na mizigo ya watu. Ni mtu mzima, mkimya, haulizi mambo. Nilimpendea hilo.

Halafu wakaja kuzumburu. Kama humjui, ni ndege wa rangi ya vumbi mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili wake, na hatembei peke yake hata siku moja. Wanakuja kundi zima, wananing'inia kwenye tawi miguu juu tumbo nje, wanakula majani, maua, papai, wanakula mpaka kile ambacho hukukipanda. Waliingia kwenye chainizi yangu wakaacha vijiti. Nilisimama na ufagio mkononi, nikatafuta hasira. Zamani, msichana akikata ua moja tu la bweni, sauti yangu ilikuwa ikisikika mpaka jikoni. Nilitafuta ile sauti nikaikosa. Nikaweka ufagio chini nikawaambia kwa kawaida tu kwamba hawana adabu, na kwamba mama yao anajua. Wakaendelea kula.

Walichokipenda zaidi ni masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani kwetu mlimani. Nilikuwa nimeyapanda kwenye ukuta wa nyuma miaka mingi iliyopita, nikitaka kitu cha kuzuia upepo, na kwa kuwa nilizaliwa kwenye migomba na kahawa nikachagua kile ninachokijua. Yalikuwa yamerefuka kupita ukuta. Yalipotoa maua, vile vindege vidogo vyenye mdomo uliopinda, chozi, vilikuja kufyonza tangu asubuhi. Maua yalipogeuka vitunda vya rangi ya chungwa, kuzumburu wakahamia humo kabisa. Jioni walijibana pamoja kwenye shina moja, kifua kwa kifua, hata usingeweza kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Nilikuwa nakaa na kikombe changu nikiwatazama mpaka ukungu wa Meru unashuka. Kama kulikuwa na saa ya siku niliyoitaka ifike, ilikuwa hiyo. Sikuifurahia. Niliitaka tu ifike.

Sasa niseme kuhusu mwanangu, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya ndege.

Ndiye mtoto wangu wa kwanza na wa kiume pekee. Anaishi mlimani kwenye shamba la baba yake, analima kahawa na migomba, na kaburi la baba yake liko humo shambani, kama ilivyo desturi yetu. Mkesha wa mazishi, wazee wa ukoo walipokaa kupanga mahali pa kuchimba, niliomba neno. Niliomba waache nafasi ya kaburi moja ubavuni kwa mume wangu, ili siku yangu ikifika nilale hapo. Si ombi kubwa. Wake wote wa ukoo ule wamelala karibu na waume zao. Wazee wakamtazama mwanangu, kwa sababu ndiye mrithi na shamba ni lake. Mwanangu akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Mama ana kwake Olasiti. Atazikwa kwake."

Akakaa. Hakuna aliyemkanya. Mimi nilikunja khanga yangu nikarudi kwa wanawake wenzangu jikoni, na nafikiri ganzi ilianzia hapo, si hospitali. Tangu siku hiyo hatukuongea tena. Sikupanda mlimani, hata kaburi sikuliona likijengewa. Mkwe wangu, mke wake, alikuwa akinipigia simu kwa siri akiwa sokoni, msichana mzuri, ananipa habari za wajukuu na za mvua, na jina la mumewe tunalikwepa wote wawili kama shimo lililo njiani.

Katika simu hizo ndipo aliponiambia kwamba ndege wameisha shambani. Walikuwa wameangusha miti mikubwa iliyokuwa kivuli cha kahawa, na tangu hapo asubuhi ni kimya, na viwavi wamejaa kwenye mboga. Nikamwambia mimi nina ndege wa kuuza. Akacheka. Nikamwambia apande masale kandokando ya shamba, ndege watarudi wenyewe, na kwa kuwa yangu yalihitaji kupunguzwa, nitamtumia vipande.

Niliyakata siku ya pili. Nilichagua mashina yaliyonyooka, nikapunguza majani ya chini ili yasinyauke, nikayaacha ya juu. Majani ya sale ni marefu, na kwenye pikapu yangepigwa na upepo yakavunjika, kwa hiyo nikayakusanya juu na kuyafunga fundo. Kila shina fundo lake. Kisha nikafunga mzigo mzima kwa kamba ya mgomba. Ilikuwa kazi safi, nikairidhia. Dereva alipokuja nilimkabidhi, nikamwambia, "Peleka kwa mwanangu, nyumbani."

Akavua kofia. Akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akauinamia kidogo, akauweka mbele kwenye kiti, si nyuma pamoja na magunia. Nilifikiri anaona joto.

Wasio wa huku huenda hawajaelewa, kwa hiyo nifafanue. Kwetu mlimani, na kwa jirani zetu Wachagga vilevile, mtu akitaka kuomba msamaha hafiki na maneno. Anachukua jani la sale, analifunga fundo, analipeleka au analituma kwa yule aliyemkosea. Na likishafika halirudishwi. Hata kama mmegombania mpaka, hata kama damu imemwagika, aliyeletewa sale lazima asamehe, la sivyo ukoo unamwona si mtu. Hili nalijua tangu nanyonya. Nimeona kwa macho yangu babu yangu akiletewa sale na mtu aliyekuwa ameapa kutomsalimu. Na bado nilikaa kwenye kiti changu, mwanamke wa Kimeru mwenye mvi, nikafunga mafundo mzigo mzima wa masale, nikampelekea mwanangu niliyekosana naye, na kichwani mwangu hakikupita kitu chochote isipokuwa ndege.

Mkwe wangu alipiga simu siku iliyofuata. Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema mzigo ulifika yeye akiwa sokoni, ukapokewa na mume wake. Alimkuta amekaa nao barazani, hajala, hajakwenda shambani. Wazee wameshasikia, kwa sababu dereva hakuweza kukaa kimya kwa jambo kama lile. Wanasema mama ameshuka. Wanasema mama amekiri kwamba siku ile aliomba kisicho chake. Kisha akaniuliza taratibu kama ni kweli nimetuma sale.

Ndipo nikaelewa, nimesimama katikati ya mnavu na simu sikioni. Nikamwambia nilituma miche. Akasema, "Mama, mimi nitamwambia nini?" Nikamjibu amwambie anachotaka, nikakata.

Nilijikalia mlango wa jikoni nikajaribu kulipima jambo lenyewe. Nikisema ukweli, kwamba ilikuwa miche ya ndege, mwanangu ataaibika mbele ya wazee, na mlango uliokuwa umefunguka kidogo utafungwa na kupigwa misumari. Nikinyamaza, nimeomba msamaha kwa kutukanwa. Nitakuwa nimekubali kwamba nafasi ile haikuwa yangu. Mtu mwenye damu angepiga kelele. Mimi niliyaangalia mambo hayo mawili kama unavyoangalia nguo mbili za mtu mwingine kwenye kamba. Nilichojua ni kimoja tu, kwamba sitaki kuzikwa Olasiti. Hilo lilikuwa bado zima. Makaburi ya mjini ni ya watu wasiofahamiana, na mimi nimelala na mume mmoja tangu nikiwa binti.

Mwishoni mwa wiki mwanangu akatuma salamu kupitia mkewe kwamba Jumapili, baada ya ibada, atakuja. Nikapika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, kwa sababu mtoto ni mtoto. Nilikata shauri kumwambia ukweli kabla hajakaa vizuri, maana sikuwa na nguvu ya kuigiza.

Alikuja peke yake. Sikuwa nimemwona tangu mazishini, na amekonda, ana shingo ya baba yake. Nilikuwa nyuma, nabadilisha maji kwenye karai ninaloweka kwa ajili ya ndege. Akanisalimia, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia marahaba bila kugeuka, kwa sababu kuzumburu walikuwa kwenye masale na sikutaka waruke. Akasubiri. Nilipogeuka nikaona amevua viatu, amesimama kwenye udongo kwa soksi zake za kanisani, na mkononi ana jani moja la sale lenye fundo.

Nikasema, "Usinipe hilo kabla hujanisikia. Yale niliyotuma yalikuwa ya ndege. Mkeo aliniomba miche. Mafundo niliyafunga yasivunjike njiani. Mimi sikukuomba msamaha wowote."

Nilisema hivyo kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia mtu bei ya kitunguu. Nikamtazama usoni nione aibu ikiingia. Haikuingia.

"Najua, mama," akasema. "Aliniambia siku ile ile."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini amewaacha wazee waseme wanayosema. Akasema hakuwaacha. Alikwenda nyumba kwa nyumba akawaambia mama yake hakukosa kitu, kwamba aliyestahili kupeleka sale ni yeye, na kwamba amechelewa kwa sababu hakujua angeanzia wapi. Alikuwa amekwisha kukata jani mara nyingi, anafika nalo barabarani anarudi. Ule mzigo ulipofika alijua si wa msamaha. Alijua mama yake haombi. Lakini aliona ndiyo njia, na asipopita hapo hatapata nyingine.

Akaniambia pia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alisema alikuwa na hasira kwamba baba yake aliishi mjini kwa sababu ya kazi yangu, akaugulia mjini, akafia mjini, na yeye alimpata akiwa ndani ya sanduku. Alitaka na mimi nijue mtu akinyimwa anajisikiaje. Hakusema ili nimhurumie. Alilisema kama mtu anayetoa mwiba.

Akanyoosha ule mkono. Nami nikalipokea jani, kwa sababu sale halikataliwi, na kwa sababu ni mwanangu. Sitadanganya kwamba kuna kitu kilipasuka kifuani. Nililishika. Lilikuwa na ubaridi wa mlimani. Nikamwambia avae viatu, siafu wapo, na tuingie ndani chakula kinapoa.

Alikula vizuri. Tuliongea habari za mvua na bei ya kahawa na mjukuu wangu wa pili anayekataa shule. Mtu angechungulia dirishani angeona mama na mwanawe wakila. Nilikuwa nikiosha bakuli, nimempa mgongo, ndipo nikamwuliza, kwa kuuliza tu, ile miche wameipanda wapi, kwa sababu inataka kuwekwa kandokando ya kahawa ambako kuna unyevu.

Akasema hakuipanda kwenye kahawa. Aliipanda kwa baba.

Nikasema kaburi moja halihitaji masale mengi hivyo, yatasongana yafe.

"Hayakusongana, mama," akasema. "Nilizungusha makaburi mawili. La baba, na pale pako."

Maji yalikuwa yanatoka bombani. Niliyaacha yatoke. Nikamwuliza kama amepapima, na sauti haikuwa ya bei ya kitunguu tena. Akasema amepapima. Nikamwuliza ni upande gani. Akasema upande wa kushoto, kwa sababu hata kitandani ndiko nilikokuwa nalala, alikuwa akiona alipokuwa mdogo anakuja kutuamsha.

Nikashika kingo za sinki. Iliuma. Iliuma kweli, kifuani na kooni na mpaka kwenye vidole, kama mkono uliolaliwa unavyouma damu inapourudia, na nikamlilia mume wangu kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mikono yangu ina sabuni. Mwanangu akaja akafunga maji.